Mahindi ya Majivu kwa Bei ya Serikali

Mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba itanunua mahindi kwa bei yenye ruzuku, majirani zetu walipiga vigelegele. Mama yangu alizima redio, akachukua karai, akaenda jikoni kuzoa majivu.

Nilikuwa nimefika asubuhi hiyo kutoka Tabora mjini. Nina duka la vyakula pale Gongoni, na kila nikipata mtu wa kunishikia duka huchukua bodaboda kwenda kumwona mama kijijini, mbele kidogo ya Isikizya. Nilikuwa na njaa na nilitegemea chai na matobolwa ya viazi vitamu, siyo majivu. Nikamwuliza kulikoni. Akasema mahindi yanayokwenda kwa serikali hayawezi kwenda na wadudu, na kwamba safari hii angeongeza majivu kuliko miaka yote, maana mnunuzi mwenyewe ni mkubwa.

Asiye wa kwetu hataelewa, kwa hiyo nieleze. Mahindi yakishapukuchuliwa, wanawake wa huku huyachanganya na majivu ndipo yaingie kwenye kihenge. Yanayopendwa ni majivu ya magunzi, yaliyochekechwa kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama unga. Mdudu dumuzi akiyakuta hapumui vizuri, anahamia kwa jirani mvivu. Mwanamke ambaye mahindi yake yana majivu ya kutosha anahesabiwa kuwa mwanamke hasa. Nimewahi kumsikia binti akisifiwa kwa wakwe watarajiwa kwa jambo hilo tu, sura yake haikutajwa kabisa.

Nyuma ya shamba letu inapita njia ya zamani ya misafara. Siku hizi wanaopita ni mbuzi na bodaboda zinazokwepa barabara kubwa, lakini mama huizungumzia kama vile wapagazi walipita juzi. Anasema bibi wa bibi yake aliwauzia chakula pale pale, na kwamba mnunuzi alikuwa anatia mkono ndani ya kikapu, asipokuta majivu anakwenda kwa mwanamke mwingine. Sina wa kumwuliza kama ni kweli. Mama alilisema hilo kwa uhakika sana siku ile, huku akikoroga mahindi yaliyotandazwa kwenye turubai mpaka yakageuka rangi, na mimi nikajikuta namshikia karai.

Alikuwa na sababu ya kuyashughulikia hivyo. Baba alipofariki, ukoo ulikaa ukaamua kwamba shamba libaki kwa mama na ng'ombe wa kulimia wakae kwa baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye shamba lake limepakana na letu. Yeye ndiye angemlimia mama kila mwaka. Na kweli alimlimia, siwezi kumsingizia. Ila alianza na shamba lake, akaja la wakwe zake, yakafuata ya wale waliomwita kwa malipo, na wale waliomwita kwa maneno matamu. Plau ilipofika kwa mama, mvua ilikuwa imeshakwenda nusu ya safari yake. Mahindi yake yalikuwa yanatoa mbelewele wakati jua limesharudi. Alivuna mahindi yenye mapengo, na baba mdogo akija kutusalimia anayatazama na kusema ardhi ya kaka imechoka.

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua analijua hilo. Mara nyingi nilitaka kwenda kumwambia ukweli wake. Mama alinikataza. Alikuwa na msemo wake mmoja, kwamba ugomvi haulimi. Alichotaka ni ng'ombe wawili wa kulimia, wake mwenyewe, ili mvua ya kwanza imkute shambani na siyo mlangoni akisubiri. Kwa bei ya walanguzi jambo hilo lilikuwa ndoto, maana walanguzi huja na lori lao na bei yao, na ukikataa wanawasha injini. Kwa bei ya serikali alipiga hesabu ya vidole, akairudia, akaniambia kwamba mwaka huu ng'ombe wamepatikana.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimeendelea kupita kawaida yake, hivyo hata shamba la mwisho lilipata kitu. Tulikuwa na magunia ya kujivunia. Tatizo lilikuwa kuyafikisha kwenye kituo cha kununulia, kilichofunguliwa katika ghala la kijiji jirani. Mkokoteni ulikuwa wa baba mdogo, na ng'ombe wa kuuvuta ni wale wale. Tukasubiri apeleke mahindi yake, ndipo akaja kwetu akicheka, akimwita mama shemeji tajiri.

Baba mdogo si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kuhitajiwa, na mtu wa namna hiyo hana haraka. Njia nzima alikuwa anapiga soga na kila tuliyekutana naye. Mama alitembea kando ya mkokoteni, macho yake yako kwenye miguu ya ng'ombe. Nilidhani anaogopa magunia yasidondoke. Nikamwambia yamefungwa vizuri, asiwe na wasiwasi. Akaniambia hana wasiwasi wowote.

Pale kituoni palikuwa na foleni, na kijana mpimaji mwenye adabu zake. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akachoma gunia la kwanza kwa bambo. Yale mahindi yaliyotoka ndani ya bambo yalikuwa ya kijivu. Akayasugua kiganjani, akapuliza, vumbi likamrudia usoni.

"Mama, haya yana majivu."

"Ndiyo, mwanangu," mama akasema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Nimetia mengi."

Kijana akanitazama mimi, kama anaomba msaada. "Mama, serikali hainunui majivu."

"Majivu sikuuzii. Hayo nakupa bure."

Watu kwenye foleni wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka kidogo, lakini hakuandika kitu. Akaeleza taratibu kwamba mahindi ya ghala la serikali yanatakiwa yawe makavu na safi, na kwamba dawa ya kuyahifadhi huwekwa na wao wenyewe. Majivu kwao ni uchafu sawa na mchanga. Ayapepete ayarudishe, na afanye upesi, kwa sababu ghala likijaa ununuzi unafungwa.

Hapo mimi nikawaka. Nilimwambia yule kijana kwamba amekula mahindi ya majivu tangu akinyonya, na kwamba kama anaona ni uchafu basi mama yake naye alimlisha uchafu. Nilisema na mengine. Mama alinishika mkono akanivuta pembeni, akamwomba radhi kijana wa watu, akamwambia baba mdogo ageuze mkokoteni. Nyuma yetu mwanamke mwingine alikuwa anafungua gunia lake kwa siri kutazama ndani, na nilijua kwa sura yake alichokiona.

Mlanguzi mmoja alikuwa ameegesha lori lake karibu na pale, kwenye kivuli, akisubiri watu kama sisi. Alituita. Alisema yeye hana ubaya na majivu. Bei yake ilikuwa ile ile ya siku zote. Mimi nilikuwa tayari tumpe, tumalize, nirudi dukani kwangu. Nilimwambia mama kwamba kupepeta mahindi yote yale ni kazi ya wiki, na upepo wenyewe wa kubahatisha, na ghala litajaa sisi tukiwa bado tunakohoa.

"Bei imetangazwa redioni," mama akasema. "Mimi si kiziwi."

Akaendelea kutembea.

Kesho yake alipika. Kwetu anayewaita watu kazini hupika kwanza na kueleza baadaye, na asiyepika ataachwa peke yake na kazi yake. Alichinja jogoo aliyekuwa anamtunzia padri, akasonga ugali wa kutosha harusi, akatuma habari. Wanawake wakaja na nyungo zao, Wakatoliki wenzetu wa jumuiya na Wamoravian wa upande wa kisimani, wengine wakiwa wametoka kurudishwa kituoni kama sisi. Walikubaliana waanze kwa mama, kisha wazunguke kwa kila aliyekuwa na magunia ya kijivu.

Upepo ulikataa. Turubai lilikuwa limetandazwa, nyungo ziko juu, na majani ya mpapai hayatikisiki. Wakaanza kupiga mbinja, ndefu na nyembamba, kama bibi zetu walivyokuwa wanauita upepo. Mimi mbinja sijui. Kila nikijaribu natoa mate. Waliniambia mjini nimefundishwa kupimia watu sukari tu, na jirani mmoja akanisogeza kando kwa mgongo wa ungo akisema nitaukimbiza upepo hata ukiwa umeshafika kisimani. Nilicheka mpaka nikasahau kuwa nina hasira.

Ulipokuja ulikuja wa kutosha. Mahindi yakamiminwa kutoka juu, majivu yakaondoka kama moshi, na yaliyobaki tukayasugua kwa gunia kuukuu na kuyapepeta tena. Kufikia jua la saa sita tulikuwa weupe kuanzia nywele hadi vidole. Mmoravian mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akajitazama mikono akasema, "Ninyi Wakatoliki hupakwa majivu kidogo kwenye paji la uso mnajiona mmetubu. Leo sisi tumepakwa mwili mzima." Hata mama, ambaye kanisani hukaa kiti cha mbele, alicheka akashika kiuno.

Mchana upepo ulianguka na haukuinuka tena siku ile. Siku zilizofuata ulitudokolea, asubuhi kidogo, jioni kidogo. Mwanamke mmoja alirudi kutoka kituoni na habari kwamba ghala liko karibu kujaa. Mama akasema yaliyo safi yaende hayo hayo, mengine yatafuata. Yaliyo safi yalikuwa nusu.

Kijana wa bambo alituona kwa mbali, na alipochoma gunia alifanya kwa hadhari, akiwa ameegemea nyuma. Yalitoka mahindi ya rangi yake. Akapima unyevu, akatazama kile kipimo, akamwambia mama kwamba tangu kituo kifunguliwe hajachoma mahindi makavu kuliko haya. Mama akamwambia hiyo ni kazi ya majivu. Kijana akakubali kwamba inawezekana. Magunia yakaingia ndani, na mimi nilimwomba msamaha kwa yale niliyosema kuhusu mama yake. Aliniambia mama yake hutia mengi zaidi.

Nusu ya pili haikuingia. Tulipoifikisha kituoni, milango ilikuwa imeshafungwa na waliofika kabla yetu walikuwa wamekaa kwenye vibanda vya chai wameridhika. Sikumlaumu mtu, maana hapakuwa na wa kumlaumu, na hilo kwangu ndilo lililouma zaidi. Mama alisema tutakula. Mahindi yakarudi kwenye kihenge, na majivu yakarudi kwenye mahindi.

Malipo yalipoingia kwenye simu yake nilimsomea ujumbe. Yalikuwa ya halali na hayakupungua kitu, lakini yalikuwa ya nusu. Kila mtu anajua nusu ya ng'ombe wawili ni nini.

"Ng'ombe mmoja halimi, mama," nikamwambia. "Utamfunga nira na nani? Na mimi?"

"Wewe ungevuta vizuri," akasema. "Ila unapiga mateke."

Akaniambia twende Ziba. Huko Igunga kuna wafugaji ambao ng'ombe wao mama alikuwa anawasifia tangu nikiwa mdogo, na hakutaka kusikia habari ya kununua karibu. Tulifika tumechoka. Mfugaji mmoja, Msukuma mrefu asiye na maneno mengi, alituonyesha maksai wake. Kulikuwa na mmoja mwekundu, mnene, mgongo wake ungelaza mtoto, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Moyo wangu ukamwangukia. Mama akauliza swali moja tu, kwamba amezoea kuvuta upande gani. Mfugaji akasema kushoto. Mama akamwacha.

Alimkagua mwingine, akamkagua na mwingine, na kila mara swali ni lile lile. Mwisho akamchagua mmoja mweusi mwenye doa kifuani, mwembamba kuliko yule mwekundu, aliyezoea kuvuta upande wa kulia. Nilimwambia, mbele ya mwenye ng'ombe, kwamba anafanya mchezo. Mtu mwenye ng'ombe mmoja asiye na mwenzake anachagua upande wa nini? Mfugaji alinitazama, akamtazama mama, kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nadhani yeye alikuwa ameshaelewa.

Mama hakumficha ng'ombe wake nyuma ya nyumba. Alimfunga kando ya ile njia ya misafara, mahali ambapo kila mpita njia lazima amwone. Wapo waliomcheka. Walisema mjane wa watu amenunua pambo. Mimi nilirudi Gongoni nikiwa na kisirani, na nilipima sukari kwa hasira wiki nzima.

Joto la kabla ya mvua lilipokolea nilikwenda tena kumsalimia. Tulikuwa tumekaa barazani mchana baba mdogo alipobisha hodi. Alimwamkia mama, akapewa kiti na chai, akamsifia ng'ombe. Alisifia pembe zake, akasifia kwato zake, akarudi kwenye pembe. Mama alimwongezea chai. Ndipo akasema kilichomleta. Ng'ombe wake wa upande wa kulia, yule mzee, alikuwa amelala chini na hakuinuka tena. Miguu ilikuwa imemwisha siku nyingi. Alikuwa amemchinja.

Nikakumbuka ile safari ya mkokoteni, na macho ya mama kwenye miguu ya ng'ombe njia nzima. Nikaweka kikombe chini.

"Sasa nimeona huyu wako anakaa bure," baba mdogo akasema.

"Hakai bure," mama akasema. "Anakula."

Baba mdogo akacheka kile kicheko chake cha kuzunguka mambo. Mama alimsubiri amalize.

"Shemeji, wewe una wa kushoto, mimi nina wa kulia. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kulima peke yake. Mvua ya kwanza ikinyesha tunaanza na shamba langu. Tukimaliza, lako. Hao wengine baadaye."

"Watu nimeshawaahidi, shemeji. Nimeshawapa siku zao."

"Waambie wasubiri. Kusubiri kunazoeleka, mimi ni shahidi."

Baba mdogo alinigeukia mimi, nadhani akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akasema "haya," akaondoka akipitia kwa yule ng'ombe mweusi, akasimama akampapasa shingo.

Neno "haya" ni jepesi, na mimi nimeuza kwa mkopo vya kutosha kulijua. Mawingu yalipoanza kujikusanya nilifunga duka nikaja kulala kwa mama, nikiwa na maneno yangu mdomoni tayari. Mvua ilinyesha jioni, ya nguvu, harufu ya udongo ikaingia hadi chumbani. Niliamka alfajiri nikakuta mama ameshavaa, anajifunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda kucheza ngoma. Sikumwuliza kama baba mdogo atakuja. Niliogopa jibu, na niliona yeye haogopi.

Alikuja. Tulimsikia kabla hatujamwona, minyororo ya plau ikigongana, na ng'ombe wake wa kushoto akitembea mbele. Mweusi wa mama akaletwa kwenye nira akaingia bila kubishana, upande wake. Mama akashika kamba akawa mbele, baba mdogo nyuma kwenye mikono ya plau, na mimi nyuma ya baba mdogo nikidondosha mbegu. Sikuwahi kuona udongo wa shamba lile ukipinduliwa ukiwa mweusi namna ile. Miaka yote niliuona ukiwa umeshakauka juu. Nililia, na kwa kuwa nilikuwa wa mwisho hakuna aliyeniona.

Mwisho wa mstari wa kwanza ng'ombe walisimama kupumua. Baba mdogo alijifuta jasho, akatazama nyuma, mstari wote ule umenyooka na unang'aa kwa maji. Naamini aliona kitu, kwa sababu sauti yake haikuwa na kicheko.

"Shemeji," akasema, "kumbe ulitaka kuwahi hivi. Si ungeniambia tu miaka yote hii?"

Mama alikuwa anamwondolea mweusi jani lililokwama kwenye nira. Hakugeuka haraka, na alipogeuka hakuwa na hasira hata chembe.

"Nilikuambia kila mwaka," akasema. "Ila sikuwa na ng'ombe, ukawa hunisikii."

Baba mdogo aliinama akaing'oa plau kwenye udongo, akaigeuza, ng'ombe wa mama akageuka pamoja na wa kwake, tukaanza mstari wa pili.